Shule ndogo na timu dhaifu si kitu kimoja: kumpima chipukizi wa futiboli ya Kimarekani

Tuseme wewe ni kocha wa chuo kikuu Marekani. Umebakiza nafasi moja ya ufadhili, na mezani pako kuna vijana wawili wa urefu mmoja na uzito mmoja. Wote ni walinzi wa kati, wale wanaosimama nyuma ya safu ya mbele ya ulinzi. Wa kwanza anatoka shule ya kijijini yenye wanafunzi wasiofika mia mbili. Timu yake imechukua ubingwa wa jimbo katika daraja la mwisho kabisa, na yeye kaangusha wapinzani mpaka mwandika takwimu kachoka. Wa pili yuko shule kubwa ya mjini kwenye ligi ngumu, ila timu yake inachapwa karibu kila Ijumaa, siku nyingine kwa tofauti ya pointi 40.

Mashabiki huwatia hawa wawili kapu moja: "wametoka programu ndogo," mjadala umekwisha. Nadhani makosa mengi ya usajili huzaliwa hapo. Ukimtazama wa kwanza, wanaokudanganya ni wapinzani wake. Ukimtazama wa pili, wanaokudanganya ni wachezaji wenzake. Macho yanayomfaa mmoja hayamfai mwingine.

Kwa asiyeufuatilia sana mchezo huu: ligi ya kulipwa, NFL, haina akademi za watoto kama klabu za soka. Vijana hulelewa na shule za sekondari, na zenye timu za watu kumi na mmoja ni takriban 14,000, kisha vyuo huwachagua. Daraja la juu la vyuo, FBS, lina timu zaidi ya 130. Kwa miaka mingi kila timu iliruhusiwa ufadhili wa wachezaji 85. Tangu 2025, vyuo vilivyokubali kuwagawia wachezaji sehemu ya mapato vina kikomo cha wachezaji 105 kikosini. Kampuni kama 247Sports, Rivals na ESPN huwapanga vijana kwa nyota, na wa juu kabisa hupata tano. Nyota hizo si za kubeza, maana kijana wa nyota tano ana nafasi kubwa kuliko wa nyota tatu ya kufika NFL. Lakini nyota hutolewa baada ya mtu kuonekana, na wasaka vipaji hupenda kwenda shule kama Mater Dei kule Santa Ana, California, au IMG Academy kule Bradenton, Florida, ambako safari moja inakuonyesha vijana wengi kwa mpigo. Kijiji cha watu mia nne hakimo kwenye ratiba yao.

Wapinzani wanapodanganya

Tuanze na takwimu, maana ndizo za kwanza kupotosha. Texas ina shule ndogo sana zinazocheza futiboli ya watu sita kila upande, mchezo uliobuniwa Nebraska mwaka 1934 ili vijiji visivyo na vijana wa kutosha navyo viwe na timu. Uwanja ni yadi 80 kwa 40, wachezaji wote sita wanaruhusiwa kupokea pasi, na ili timu iendelee kumiliki mpira inabidi isogee yadi 15 badala ya 10. Kwenye uwazi huo, mwenye mbio akishampita mtu mmoja hana tena wa kumzuia. Timu kufunga pointi 60 au 70 si ajabu. Halafu kuna kanuni ya pointi 45: tofauti ikifika hapo wakati wa mapumziko au baadaye, mechi inakatwa. Kwa hiyo nyota wa timu kali mara nyingi hucheza nusu ya mechi tu. Takwimu zake zimevimba kwa sababu ya uwazi na zimesinyaa kwa sababu ya muda, zote kwa pamoja. Ukitaka kuzitumia, acha jumla ya msimu, angalia wastani wa kila mara alipobeba mpira, tena dhidi ya timu mbili tatu zilizowasumbua.

Hata hivyo, kule hutoka watu. Leighton Vander Esch alisoma Salmon River, shule ya Riggins, Idaho, na futiboli aliyoicheza ilikuwa ya watu wanane. Boise State, chuo cha jimbo lake mwenyewe, kilimpokea bila ufadhili. Mwaka 2017 aliangusha wapinzani mara 141 na kutangazwa mlinzi bora wa ligi ya Mountain West, na mwaka uliofuata Dallas Cowboys wakamchukua akiwa wa 19 katika zamu ya kila mwaka ambapo timu za NFL huchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni. Vyuo vingine vyote havikuiona nafasi hiyo iliyokuwa bure.

Sasa tuingie kwenye video yenyewe. Kijana wa safu ya mbele, kilo 130, anamkumba mpinzani wa kilo 70, anamlaza chali na kumkalia. Mjomba anashangilia jukwaani, na kipande kinasambaa kwenye simu za mji mzima. Mimi naomba kirudishwe, na nitazame miguu tu. Je, miguu ilisimama pale walipogusana, kazi ikamalizwa na uzito? Je, alikwenda wima kama mlingoti? Mikono yake ilitua kifuani mwa mpinzani, au ilizungukia mabegani? Mbele ya mtu wa kilo 70 makosa hayo hayamgharimu chochote. Mbele ya mtu wa kilo 135 mwenye miaka 21, aliyekula na kunyanyua vyuma kwa ratiba ya chuo miaka mitatu, kila kosa hapo litalipwa na kwotabeki wake, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi.

Mkimbiaji naye ana ugonjwa wake. Akishajua kwamba hakuna wa kumfukuza, kila akipewa mpira hukimbilia pembeni ya uwanja, akazunguka, akafunga. Vipande ishirini vya namna hiyo ni kipande kimoja kilichorudiwa mara ishirini. Chuoni mabeki wa pembeni nao wana mbio, na pembeni hakuna njia. Tafuta zile mara chache alizopita katikati ya msongamano, akapata yadi nne ambazo hazikuwapo. Kwenye video ya vipande bora hutazikuta, kwa hiyo omba mechi nzima.

Kinachonivutia kwa kijana wa shule ndogo ni kumwona akifanya kazi ambayo hakuna aliyemlazimisha kuifanya. Angeweza kushinda kwa uzito, lakini anainama, anapiga hatua fupi fupi, anaweka mikono ndani. Angeweza kusubiri aone mpira uko wapi, lakini kashasoma mpangilio na kaondoka kabla ya wengine. Huyo hakufundishwa na wapinzani wake. Kajifundisha, au ana kocha mzuri, na vyote viwili vinahamishika kwenda chuoni.

Na lazima atawale. Hapa sina huruma: kijana ambaye ni "mzuri tu" dhidi ya wapinzani hafifu ameshajibu swali. Kama msimu mzima anapata mechi moja yenye mpinzani wa kiwango chake, mechi hiyo ina uzito kuliko tisa nyingine.

Kuna jambo moja la kumwia radhi. Shule zenye wachezaji 20 kikosini, kila mtu hucheza pande zote mbili, ulinzi na ushambuliaji, na pengine yeye ndiye mpiga mateke. Ukimwona anatembea robo ya nne, usikimbilie kumwita mvivu. Mpime robo ya kwanza.

Tena kucheza kila mahali kuna faida ambayo vyuo vingi huisahau. Cooper DeJean alitoka OABCIG, shule inayounganisha miji midogo ya magharibi mwa Iowa, Ida Grove na Odebolt ikiwamo. Kwao alikuwa kwotabeki, mcheza kikapu na mkimbiaji wa riadha. Chuo Kikuu cha Iowa hakikumtaka arushe mpira. Kiliona miguu, mikono na akili ya mtu anayejua kwotabeki anawaza nini, kikamfanya beki. Alichaguliwa wa 40 mwaka 2024. Februari 2025, siku ya kuzaliwa kwake akitimiza miaka 22, alinasa pasi ya Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, na kukimbia nayo yadi 38 hadi kufunga. Ukimchagua kijana wa shule ndogo, nafasi anayocheza kwao isikutie pingu.

Wenzake wanapodanganya

Kwenye timu dhaifu ya ligi ngumu mambo yamegeuka. Wapinzani ni wa kweli, na baadhi yao wana barua za ufadhili mifukoni. Tatizo ni kwamba kila anachokifanya kijana wetu kimeharibiwa na mtu mwingine kabla hakijaonekana. Mpokeaji kamwacha beki hatua tatu, pasi ikatua kwenye benchi. Kwotabeki kasoma vizuri, ila safu yake imevunjika sekunde moja na nusu tangu mpira utoke. Mlinzi wa pembeni, ambaye thamani yake ni kumfikia kwotabeki wa adui, hana wa kumfikia, kwa sababu adui anaongoza kwa pointi 28 na anakimbiza mpira tu ili saa iishe.

Kwa walinzi wa kati takwimu hudanganya kwa kupanda. Timu inayofungwa hukaa uwanjani ikilinda usiku kucha, hivyo mlinzi wake wa kati atakuwa na idadi kubwa ya walioangushwa. Uliza waliangushwa wapi. Kumwangusha mtu baada ya yadi 12 si sawa na kumwangusha baada ya yadi moja, ingawa kwenye karatasi vyote huandikwa "moja".

Kwa hiyo mtazame yeye peke yake, usifuate mpira. Fungua mechi dhidi ya mpinzani mkali kuliko wote, tafuta namba yake, na tazama kila mchezo kuanzia alipoweka miguu hadi filimbi. Je, alishinda pambano lake, hata kama mchezo wenyewe ulikwenda upande wa pili? Mpokeaji alimtoka beki? Mlinzi alimshinda yule jamaa mkubwa anayeelekea Ohio State? Mapambano kumi ya namna hiyo yanatosha kukupa jibu, na shule ndogo haikupi hata mawili.

Makocha wengi hupenda kusema wanatazama moyo: timu imefungwa 42 kwa 0, je, kijana bado anafukuza? Ni kipimo kizuri, ila kinatumiwa vibaya. Anayefukuza wakati huo, mwongezee alama. Asiyefukuza, uliza kwanza amecheza michezo mingapi usiku ule na kama kocha wake alimwambia ajihifadhi. Uliza pia kapitia makocha wangapi. Kwenye programu zinazofungwa, kocha mpya na mfumo mpya kila mwaka ni jambo la kawaida, na kijana anayeonekana mzito wa kufikiri huenda anajifunza lugha ya tatu ya mchezo uleule.

Mwenye shida ya kweli kwenye timu dhaifu ni kwotabeki. Miaka mitatu ya kukimbizwa humfundisha kuangalia wanaomjia badala ya kuangalia wapokeaji, na tabia hiyo humfuata hata akipewa ukuta mzuri. Sisemi haitoki. Nasema ni ghali kuitoa, na nisingeweka hapo nafasi yangu ya mwisho kabla sijamwona kwa macho yangu.

Wako pia wanaofichwa na mfumo. Cam Ward alikuwa kwotabeki wa Columbia, shule ya West Columbia, Texas, iliyocheza mtindo wa kizamani wa kukimbiza mpira karibu kila mara. Mtu angetaka kumpima kwa pasi, pasi zenyewe hazikuwepo. Hakuwa na nyota hata moja, na ufadhili aliupata Incarnate Word ya San Antonio, timu ya FCS, daraja lililo chini ya FBS. Akahamia Washington State, kisha Miami, na Aprili 2025 Tennessee Titans wakamchagua wa kwanza kabisa. Somo la Ward halitoshi kukufanya umchukue kila kwotabeki asiyerusha, ila linakuonya usihesabu ukosefu wa ushahidi kuwa ni ushahidi wa ukosefu.

Vipimo visivyomjua mpinzani

Video ikishakukwamisha, nenda kwenye mambo ambayo mpinzani hayagusi. Riadha ni ya kwanza. Mita 100 ni zilezile, iwe kijijini au mjini, na mashindano ya jimbo hupimwa kwa saa ya umeme. Kijana wa kilo 95 anayemaliza chini ya sekunde 11 hakudanganywa na mtu. Tufe la wavulana wa sekondari lina pauni 12 kila mahali, na anayelitupa mbali ana nguvu za nyonga ambazo safu ya mbele inazihitaji. Mbio za yadi 40 zilizopimwa kwa saa ya mkono na kocha wake mwenyewe ziweke pembeni, maana saa ya mkono humpendelea mkimbiaji, na kocha humpendelea zaidi.

Mpira wa kikapu naupenda kuliko vyote. Mtu mrefu anayegeuza nyonga, anayeruka mara ya pili haraka na kutua sawasawa, utamjua ndani ya dakika tano, na hakuna anayeweza kumhariri akawa mwepesi. Mieleka hufanya kazi hiyohiyo kwa watu wa safu ya mbele, kwa sababu inaonyesha mizani na jinsi mtu anavyotumia mikono akiwa amechoka. Khalil Mack, wa Fort Pierce Westwood kule Florida, alicheza futiboli mwaka wake wa mwisho wa sekondari tu. Alikwenda Buffalo, chuo kisichogombewa na wengi, akachaguliwa wa tano mwaka 2014, na 2016 akawa mlinzi bora wa NFL. NFL wenyewe mwaka 2013 walimsajili Mkenya Daniel Adongo, mchezaji wa raga, katika Indianapolis Colts bila mechi hata moja ya futiboli. Hakudumu, lakini ona walichokuwa wananunua: mwili na mwendo.

Kambi za Juni zina thamani kwa sababu zinawakutanisha wote uso kwa uso, wa kijijini na wa IMG kwenye nyasi moja. Hapo kijana wa shule ndogo anapata mpinzani aliyekosa msimu mzima. Mtazame jaribio la kwanza na la sita. La kwanza atashindwa, karibu wote hushindwa. Akijirekebisha kufikia la sita, amekuonyesha kitu ambacho video haina. Ila kutokwenda kambini si dosari. Safari, hoteli na ada ni pesa, na mtoto wa mkulima Juni yuko shambani.

Ningemchukua yupi

Safu ya mbele, pande zote mbili, na mpokeaji anayejipanga na safu hiyo: shule ndogo, kama mwili na riadha vipo. Mwili huo hauko kila mahali, na ufundi hufundishika kwa sababu ana miaka miwili au mitatu ya kusubiri zamu yake. Iowa chini ya kocha Kirk Ferentz, aliyepo tangu 1999, imejenga jina kwa vijana wa namna hiyo. T.J. Hockenson alitoka Chariton, mji mdogo wa jimbo hilo, akachaguliwa wa nane mwaka 2019.

Wapokeaji na mabeki wa pembeni: timu dhaifu ya ligi ngumu, bila kusita. Kazi yao ni kumshinda mtu mmoja mwenye mbio, na yule wa mjini nimeshamwona akishinda au akishindwa.

Kwa wale walinzi wa kati wawili tulioanza nao, nampa nafasi wa mjini kama aliangusha watu karibu na mstari ambapo mchezo huanzia dhidi ya timu kali. Kama wake wote waliangushwa baada ya kupata yadi nane, namchukua wa kijijini na natumaini mbio zake za mita 200.

Kwotabeki ni suala jingine. Watu humtaja Josh Allen: mtoto wa shamba wa Firebaugh, California, hakuna chuo cha FBS kilichomtaka, akaenda chuo cha miaka miwili cha Reedley, akawaandikia makocha barua pepe, Wyoming wakamchukua, na sasa ana tuzo ya mchezaji bora wa NFL ya msimu wa 2024. Hadithi tamu, lakini haikufai wewe kocha unayechagua leo. Alipomaliza sekondari mwili wake ulikuwa haujajaa. Aliyemwacha wakati ule alikuwa na sababu, na aliyemwacha mwaka mmoja baadaye ndiye wa kulaumiwa.

Na mwaka huo mmoja siku hizi ni mgumu kupatikana. Tangu 2017 usajili wa mapema hufanyika Desemba, hivyo makocha huamua kabla hawajauona vizuri msimu wa mwisho. Soko la uhamisho lililofunguliwa 2018, na ruhusa ya 2021 ya kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, vimewafanya makocha wampende mtu wa miaka 21 mwenye video ya chuo. Njia ya kijana wa shule ndogo sasa inapitia FCS au chuo cha miaka miwili, na si aibu: akithibitisha huko, soko lilelile lililomfungia mlango litamfungulia.

Mzazi unayesoma hapa ukiwa Iowa, Kentucky, Idaho au Texas, ambako familia nyingi za Kikongo na Kirundi zimefanya makazi, na mwanao anachezea timu isiyoshinda: mpe kocha wa chuo mechi nzima dhidi ya mpinzani mkali kuliko wote, namba ya jezi, urefu bila viatu, na muda wa riadha wenye saa ya umeme. Vipande vya mbwembwe viwe dakika tatu, visizidi. Darasani, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa daraja la kwanza inataka kozi 16 za msingi zenye wastani wa 2.3, na kumi kati ya hizo ziwe zimekamilika kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Mitihani ya SAT na ACT haihitajiki tena kwa sharti hilo tangu 2023. Si kila darasa la Kiingereza kwa wageni linahesabiwa, na shule ndogo au zenye shida wakati mwingine hazina kozi zote. Nenda kwa mshauri wa masomo mtoto akiwa mwaka wa kwanza, mwombe orodha ya kozi za shule hiyo zilizoidhinishwa na NCAA, mzipange pamoja.